Kemikali Ikimwagika Kiwandani: Mwongozo Kamili kwa Watengenezaji wa Sabuni na Dawa za Usafi

Kitu kikimwagika, mkono hukimbilia ndoo ya maji na tambara. Ndivyo tulivyozoea nyumbani: mwaga maji, futa, kamua. Katika chumba cha kutengenezea sabuni mazoea hayo ndiyo yanayounguza watu. Maji huichemsha kostiki soda, tambara huileta mkononi, na anayefuta huwa amechutama juu yake, uso ukiwa karibu kabisa na mvuke.

Mwongozo huu ni wa viwanda vidogo na vya kati vinavyotengeneza sabuni ya mche, sabuni ya maji, dawa ya choo, jiki na vitakasa mikono. Humo mara nyingi stoo moja hubeba kostiki, sulfoniki na haidrokloriki (hizi mbili ni asidi), klorini, formalini (kihifadhi) na spiriti kwa pamoja. Kila moja ina namna yake ya kuondolewa, na namna inayofaa kwa moja inaweza kuua kwa nyingine. Kwa hiyo kujua kilichomwagika hutangulia kukigusa, hata kama kinaendelea kusambaa mbele ya macho yako.

Vifaa viwe tayari, na viwe nje

Tenga pipa la plastiki lenye mfuniko, liandike VIFAA VYA KUMWAGIKA, uliweke nje ya mlango wa stoo. Likiwa ndani utalazimika kuupita mvuke ili kulifikia. Kwa stoo yenye madumu ya lita 20 na mifuko ya kilo 25, weka humo:

- mchanga mkavu kilo 40, umegawanywa kwenye mifuko ya kilo 5 ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba akikimbia;
- magadi soda ya viwandani (soda ashi) kilo 12, kwa ajili ya asidi;
- unga wa ndimu (asidi sitriki) kilo 3, kwa ajili ya mabaki ya kostiki;
- karatasi za pH, za kupimia ukali wa asidi au kostiki;
- beleshi, kizoleo na brashi, vyote vya plastiki;
- ndoo mbili tupu zenye mifuniko, mifuko mizito ya plastiki, kalamu ya wino usiofutika;
- jozi mbili za kila kimoja: glovu ndefu za mpira mzito au nitraili, miwani inayofunga pande zote, ngao ya uso, aproni ya plastiki na gambuti.

Mchanga uwe wa mtoni na ukaushwe kweli. Mchanga mweupe wa ufukweni, kama ule wa Zanzibar, umejaa chembe za matumbawe, ambazo kwa asili ni chokaa. Ukiumwaga juu ya haidrokloriki utatoa povu na kurusha matone. Vumbi la mbao usiliweke kabisa humo: likikutana na klorini ya unga linaweza kushika moto lenyewe.

Vifaa vya plastiki vimetajwa kwa sababu. Kostiki hula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, inayowaka kwa cheche ndogo tu, na zinki iliyopakwa kwenye ndoo za bati huliwa na kostiki na asidi pia. Kizoleo cha bati kilichochakaa kinaonekana hakina madhara mpaka kianze kuchemka mkononi.

Magadi soda na kostiki zote ni nyeupe. Funga magadi kwenye chombo chake, uandike jina kwa herufi kubwa pande mbili. Mtu akiinyunyizia asidi kostiki akidhani ni magadi, mchanganyiko utachemka na kumrukia usoni.

Kuhusu kupumua: barakoa ya kitambaa na ile ya vumbi hazizuii gesi yoyote. Inayofaa ni barakoa ya mpira yenye vichujio. Kwa rangi za mfumo wa Ulaya, kichujio cha kijivu (B) ni cha klorini, cha njano (E) ni cha gesi za asidi, cha kahawia (A) ni cha mivuke ya vimiminika kama thina na vitu vya jamii hiyo. Lakini kichujio hakitengenezi hewa. Gesi ikiwa imejaa chumbani, vichujio si ruhusa ya kuingia.

Mwisho, maji ya macho. Kifaa cha kuoshea macho kinatakiwa kifikiwe ndani ya sekunde 10, na kitiririshe maji kwa dakika 15 au zaidi. Mahali ambapo maji ya bomba hukatika, weka ndoo mbili za lita 20 zenye koki, juu ya stuli imara, mita chache kutoka meza ya kuchanganyia. Zinatosha kutiririsha lita moja na nusu kwa dakika kwa takriban dakika 26. Badilisha maji kila wiki, zifunike, na mtu yeyote asinawie mikono hapo.

Dakika tano za kwanza

1. Paza sauti useme kilichomwagika na mahali: "Haidrokloriki, mlango wa stoo!" Ukipiga kelele ya "Jamani!" watu watakuja kuangalia. Ukitaja kemikali, watajua wakae mbali na nini.

2. Toka, uwatoe na wenzako, mkielekea upande unakotoka upepo. Gesi ya klorini na mvuke wa spiriti ni vizito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo, kwa hiyo msikusanyike bondeni wala ndani ya chumba cha chini.

3. Kama kuna aliyemwagikiwa na ametoka, maji yaanze kumtiririka sasa hivi. Sakafu itasubiri.

4. Kama ni spiriti au kimiminika kingine kinachowaka, zima majiko na moto wote ulio nje ya eneo. Swichi zilizo ndani ya mvuke usiziguse, si kuwasha wala kuzima, kwa sababu zote mbili hutoa cheche. Kata umeme kwenye swichi kuu iliyo mbali.

5. Soma lebo au karatasi ya usalama ya kemikali ambayo muuzaji anapaswa kukupa. Nakala yake ikae ofisini, si stoo tu.

6. Amua kama kazi hii ni yenu. Si yenu iwapo kilichomwagika hakijulikani, ni zaidi ya dumu moja la lita 20, kimekutana na kemikali nyingine, kinafukuta moto au kinawaka, macho yanawasha mkiwa bado mlangoni, au mtu ameanguka ndani. Hapo fungeni eneo na kuita Zimamoto: Tanzania ni 114, Kenya 999 au 112. Mtajie anayepokea jina la kemikali, kiasi, na kama kuna mtu ndani.

Hilo la mtu aliyeanguka ni gumu kuliko yote. Moyo unakutuma uingie. Lakini kilichomwangusha yeye kitakuangusha wewe katika pumzi mbili tatu, na waokoaji watakuta watu wawili wa kutoa. Fungua milango na madirisha kutokea nje, muite ajikokote kuelekea sauti yako kama anasikia, na uwaachie wenye mitungi ya hewa.

7. Kama kazi ni yenu, wawe watu wawili. Mmoja anafanya, wa pili amesimama mlangoni amevaa vivyo hivyo, bila kugusa kitu. Suruali ivaliwe juu ya gambuti, si ndani yake, la sivyo kinachomwagika mguuni kitatiririkia ndani ya kiatu na kukaa humo.

8. Simamisha chanzo kwanza: inua dumu lililolala, geuza lililotoboka ili tundu liwe juu. Kisha linda mtaro na chemba kwa tuta la mchanga kabla hujagusa dimbwi lenyewe. Tuta huanzia upande wa chini wa mteremko.

Kostiki soda

Vidonge na magamba makavu ni rahisi kuliko mmumunyo, mradi hujachelewa. Katika hewa yenye unyevu ya pwani, kostiki huanza kutokwa jasho dakika chache tu baada ya kumwagika, na baada ya muda inakuwa uji unaoteleza. Ifagie ikiwa kavu, taratibu, bila kutimua vumbi, uiweke kwenye ndoo kavu ya plastiki yenye mfuniko. Usiirudishe kwenye mfuko wake. Imeshabeba uchafu na unyevu, na itaugandisha mfuko mzima.

Maji yasitangulie. Kilo moja ya kostiki ikiyeyuka ndani ya lita mbili za maji huweza kupandisha joto kupita nyuzi 80, na maji machache juu ya lundo kubwa hufanya vibaya zaidi: yanachemka ghafla na kurusha matone ya kostiki iliyokolea. Maji yana nafasi yake mwishoni, kwa filamu nyembamba iliyobaki.

Mmumunyo ukimwagika, zungushia tuta, kisha mwaga mchanga kuanzia ukingoni ukielekea katikati mpaka pasionekane unyevu. Zoa kwa beleshi. Sakafu itabaki ikiteleza. Utelezi huo ni kostiki bado. Koroga gramu 100 za unga wa ndimu katika lita 2 za maji, nyunyizia, sugua kwa brashi, pima kwa karatasi ya pH. Rudia mpaka isome kati ya 6 na 9.

Wako wanaouliza kwa nini wasimalize kazi yote kwa siki. Hesabu inajibu. Kilo moja ya kostiki huhitaji takriban kilo 1.6 ya unga wa ndimu mkavu ili iishe nguvu, au karibu lita 30 za siki ya kawaida ya asilimia 5. Na wakati zinapambana, zote mbili zinatoa joto. Zoa kwanza, asidi ni ya mabaki tu.

Haidrokloriki

Hii ndiyo asidi ya dawa ya choo, na ya asilimia 33 hufuka moshi mweupe mara tu inapofunguliwa. Ikimwagika juu ya sakafu ya saruji utaona povu: sakafu yenyewe inaliwa na inaipunguza asidi nguvu. Usisubiri iimalize.

Fungua kila kinachofunguka, kisha subiri moshi upungue kabla ya kuingia. Zungushia tuta la mchanga. Nyunyiza magadi soda kwa kijiko kirefu cha plastiki, kuanzia ukingoni, kidogo kidogo, ukingoja povu litulie kabla ya kuongeza. Kwa kila lita moja ya asidi ya asilimia 33 tayarisha gramu 560 za magadi soda. Kiasi hicho hutoa karibu lita 130 za gesi ya kaboni dioksidi, na ndiyo sababu ya kwenda polepole: ukimwaga mfuko mzima kwa pigo moja, gesi hiyo yote hutoka kwa pamoja na kubeba matone ya asidi. Soda ya kuokea nayo inafaa, ila kwa lita hiyo hiyo utahitaji kama gramu 900 na gesi itakaribia maradufu. Povu likikoma hata ukiongeza, na pH ikiwa kati ya 6 na 9, funika kwa mchanga, uzoe.

Sulfoniki ni rafiki zaidi kidogo. Haifuki kama haidrokloriki, ni nzito, haikimbii. Zoa iliyo nyingi kwa beleshi pamoja na mchanga, kisha kwa kila kilo inayokadiriwa kubaki tumia kama gramu 160 za magadi soda. Tatizo lake ni maji. Ukiipiga maji mapema, chumba kitajaa povu lenye asidi, na sakafu itateleza kiasi cha kumwangusha mtu ndani yake.

Klorini na jiki: hapa ndipo panapoua

Mtego wake uko kwenye karatasi ya pH. Jiki na klorini ya maji ni za upande wa kostiki, kwa hiyo karatasi itageuka bluu, na aliyesoma sehemu ya kostiki hapo juu atanyoosha mkono kuchukua unga wa ndimu. Asifanye hivyo. Asidi yoyote, iwe ndimu, siki au dawa ya choo, ikikutana na klorini ya maji huachia gesi ya klorini. Dalili ya kuitambua: karatasi hugeuka bluu kisha rangi inafutika na kubaki nyeupe, kwa kuwa imepaushwa. Ukiona hivyo, rudisha unga wa ndimu ndani ya pipa.

Ukubwa wa hatari unaweza kuuhesabu. Lita moja ya jiki ya asilimia 3.5 ikikutana na asidi ya kutosha, ikaachia klorini yake yote, hutoa takriban lita 11 za gesi. Katika chumba cha mita 3 kwa 3 chenye urefu wa mita 2.5, hiyo ni karibu sehemu 500 katika milioni moja ya hewa. Kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai ni sehemu 10. Na hiyo ni lita moja ya jiki ya dukani. Klorini ya kiwandani ya asilimia 12 huzidisha zaidi ya mara tatu. Kama klorini na haidrokloriki zimemwagika pamoja, hakuna hatua ya kusafisha inayowahusu ninyi. Tokeni, ondokeni pamoja na majirani walio upande unakoelekea upepo, piga simu.

Klorini ya maji ikimwagika peke yake: ondoa kila dumu la asidi lililo jirani kama njia ni salama, pitisha hewa, zungushia tuta, nyonya kwa mchanga, uweke kwenye ndoo yake pekee. Mfuniko uwe na nafasi ya kupumua, kwani klorini huendelea kutoa gesi na ndoo iliyozibwa kabisa hutuna. Mabaki suuza kwa maji mengi. Usitumie spiriti, amonia wala dawa ya vioo kuisafishia. Kwa amonia hutoka kloramini, gesi nyingine inayochoma mapafu.

Klorini ya unga, ile ya mabwawa ya asilimia 65 hadi 70, inataka beleshi na kizoleo visivyo na chembe ya mafuta. Viwanda vya sabuni vina gliserini kila kona. Gliserini na klorini hii hushika moto bila kiberiti, wakati mwingine baada ya ukimya wa dakika kadhaa unaomfanya mtu adhani hakuna kitu. Fagio la sakafu ya sabuni lisiiguse.

Spiriti na formalini

Kitakasa mikono chenye asilimia 70 ya ethanoli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka kuanzia takriban nyuzi 17. Dar es Salaam na Mombasa ni nadra kushuka hapo, kwa hiyo dimbwi lolote la spiriti kule ni moto unaongoja cheche. Funika kwa mchanga, zoa, toa nje kwenye uwazi, na usirudishe umeme mpaka harufu iishe kabisa hata usawa wa sakafu. Mwali wake mchana hauonekani vizuri. Joto usoni ndilo litakalokuambia. Kizimamoto kiwe cha unga mkavu au povu maalumu la alkoholi, kwa maana povu la kawaida huyeyushwa na spiriti.

Formalini, hata nusu lita, hufanya chumba kisikalike, na inajulikana kusababisha saratani. Toka, pitisha hewa, rudi na kichujio kinachotaja formaldehaidi kwa jina, funika kwa mchanga na plastiki, zoa, funga. Isikae rafu moja na haidrokloriki.

Mtu aliyemwagikiwa

Vidonge vya kostiki vikimwangukia mtu, vipanguse kwanza vikiwa vikavu, kisha maji. Kwa kimiminika, maji moja kwa moja, kwa wingi, dakika 20 bila kukatiza, na kwa kostiki endelea mpaka ngozi iache kuteleza. Utelezi ule ni mafuta ya ngozi yake yanayogeuka sabuni, jambo lile lile linalotokea ndani ya pipa lenu. Kostiki pia hukawia kuuma, hivyo "sisikii kitu" si jibu la kumwachia. Nguo zivuliwe huku maji yakitiririka. Fulana ikatwe kwa mkasi, isipitishwe usoni.

Usimwagie siki aliyeungua kwa kostiki wala magadi aliyeungua kwa asidi: joto la kupambana kwao litaongeza jeraha. Asali, dawa ya meno na mafuta navyo vikae mbali.

Jicho lishikwe wazi kwa vidole, kope zote mbili, maji yakitoka upande wa pua kwenda nje. Atajitahidi kulifumba, mshike. Dakika 20 kwa asidi, 30 au zaidi kwa kostiki, ndipo hospitali, huku mkiendelea kuosha njiani.

Aliyevuta klorini akae, asilazwe, apate hewa safi na apelekwe hospitali hata akisema amepona, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Aliyemeza asitapishwe, kinachochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda. Asukutue mdomo, na maziwa yasilazimishwe. Kila mgonjwa aende na lebo au picha yake.

Taka na taarifa

Mchanga uliozoa kemikali ni taka hatarishi. Uandike: jina, tarehe, kiasi. Wa asidi, wa kostiki na wa klorini kila mmoja ndoo yake, na ukabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali, chini ya taasisi ya mazingira ya taifa: Tanzania NEMC, Kenya NEMA. Usiumwage mtaroni wala kuuchoma nyuma ya kiwanda. Glovu zioshwe zikiwa bado mkononi, kisha zivuliwe kwa kugeuzwa ndani nje.

Tanzania, ajali ya kazini huripotiwa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ndio unaohusika na matibabu na fidia ya mfanyakazi aliyeumia. Kemikali zenyewe ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwajiri anayeficha ajali humnyima mfanyakazi haki yake, na hilo halina udhuru.

Kabla hamjafunga siku hiyo, angalieni dumu lililomwaga. Mara nyingi chanzo ni kidogo: mfuniko wa dumu la mafuta ya kula uliovalishwa klorini, dumu lililokaa juani likapasuka shingo, haidrokloriki iliyopangwa juu ya rafu ya kichwani. Shusha asidi zote chini ya usawa wa kiuno, zitenge na klorini kwa ukuta na si kwa nafasi tu, na jazeni pipa la vifaa jioni hiyo hiyo.